Mtaa Uliokuwa Kwenye Kioo

Mwaka ule chuo kilipofungwa kwa miezi mitatu ya joto, Bofya hakwenda nyumbani. Mama yake alikuwa amejifungua, nyumba imejaa wageni wa kuja kumtazama mtoto, na baba yake alimpigia simu akamwambia kwa ile sauti yake ya kubembeleza, "Mwanangu, nenda ukakae na shangazi yako. Ana kazi kubwa safari hii, na mikono yake ni miwili tu."

"Huko kuna mtandao, baba?"

"Huko kuna shangazi," baba akajibu, akakata simu.

Bofya halikuwa jina lake la kuzaliwa. Kaka zake ndio waliompachika, kwa sababu tangu utotoni kitu chochote chenye kitufe lazima akibonyeze kwanza, ndipo aulize ni cha nini. Alibonyeza redio, alibonyeza kengele za milango ya watu, na siku moja alibonyeza king'ora cha gari la wagonjwa akawatoa majirani wote nje na taulo zao. Alipokwenda kusomea kompyuta hakuna aliyeshangaa. Walichoshangaa ni kwamba chuo kilimpokea bila kumfunga mikono.

Basi akafika kwa shangazi na begi moja, daftari lililojaa mistari ya programu alizoandika kwa kalamu, na uso wa mtu aliyenyang'anywa chakula mdomoni. Miezi mitatu bila maabara ya chuo! Alijiona kama mtu anayekwenda kukaa chini ya maji.

Shangazi alikuwa fundi wa kushona. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa kazini kwake: cherehani mbili zilizotazamana, meza ndefu ya kukatia iliyojaa makovu ya mkasi, pasi, makopo ya vifungo, na yule mwanasesere wa kuvalisha nguo asiye na kichwa. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akitoboa matundu na kushona vifungo, ambaye kila mtu alimwita Bi Vifungo, alimwita mwanasesere huyo Mheshimiwa.

"Kwa nini Mheshimiwa?" Bofya aliuliza siku ya kwanza.

"Si unamwona? Kifua mbele, kichwa hana."

Na pale kwenye kona, chini ya kitambaa cha kufuma kama bibi harusi aliyefunikwa, kulikuwa na kompyuta.

Bofya alipokifunua kitambaa kile moyo ulimruka, halafu ukatua palepale. Ilikuwa kompyuta ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, kioo chake kimechomoza mbele na mgongo wake umejaa nyuma. Mume wa shangazi, ambaye sasa ni marehemu, aliileta nyumbani siku ofisi yao ilipopata mpya. Kabla hajafariki alimfundisha mkewe mambo matatu: kufungua, kuandika, na kuhifadhi. La nne hakuwahi kumfundisha, na hilo la nne ndilo lililozua kizaazaa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Wiki za kwanza zilikuwa wiki tamu, ingawa wakati ule Bofya hakujua kwamba ni tamu. Siku hizi, akiwa kazini mbele ya mashine nyepesi kama sahani, hujikuta anasikiliza kama atasikia feni ya kompyuta ile ikikohoa wakati wa kuwaka, mara tatu, kama mzee anayetaka kusema jambo. Hukumbuka alivyoifungua kifuniko siku ya pili akakuta ndani nyuzi za rangi zote, nyekundu, kijani, za dhahabu, zimejiviringisha kwenye feni kama kiota. Alizitoa moja moja kwa kibano cha nyusi. Shangazi alisimama nyuma yake akishika kiuno, anatetemeka kama ndugu wa mgonjwa aliyeko chumba cha upasuaji.

"Itapona?"

"Itapona, shangazi. Ilikuwa imekabwa."

Asubuhi alifagia vipande vya vitambaa, akajaza bobini uzi, akapiga pasi mishono. Mchana, jua linapochoma, shangazi alijilaza kwenye mkeka nyuma ya mlango, Bi Vifungo akasinzia ameketi, sindano mkononi, na hapo ndipo ilipokuwa zamu ya Bofya. Saa nzima ya kompyuta, yake peke yake. Hapakuwa na mtandao, lakini alinakili programu zake kutoka daftarini, moja moja, akaziendesha. Moja ilipiga mlio wa kengele kila cherehani inapostahili kutiwa mafuta. Bi Vifungo aliposikia ule mlio mara ya kwanza alishtuka akajichoma kidole.

"Bofya, mwambie mwenzako anapotaka kusema abishe hodi!"

Kazi kubwa aliyoitiwa ilikuwa hii. Zamani mtaa ule ulikuwa na kwaya yake, watu kumi na wanane waliofundishwa na mwalimu mmoja mwenye masikio makali. Kwaya ilivunjika bila ugomvi. Watu walihama tu, huyu kapata kazi, yule kaolewa, mwingine kafuata watoto. Sasa mwalimu wao alikuwa anatimiza miaka sabini, na wote walikubaliana kurudi Jumamosi moja wamwimbie, wakiwa wamevaa majoho mapya ya rangi ya zambarau. Nani mwingine angeyashona? Sita walikuwa bado wanakaa jirani. Kumi na wawili walikuwa mbali, wangefika siku hiyohiyo, wavae, waimbe.

"Utawapimaje hao wa mbali?" Bofya aliuliza.

Shangazi alicheka. "Ninao wote humo ndani," akaionyesha kompyuta kwa mkasi. "Nimewashonea miaka yote. Bega la mtu halihami hata yeye akihama. Kilichobadilika ni tumbo, na tumbo nalijua nikiwasikia kwenye simu."

"Tumbo unalisikia kwenye simu?"

"Sauti inanenepa, mwanangu. Wewe hujasoma hayo chuoni?"

Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili, shangazi na Bi Vifungo walitoka asubuhi kwenda kuchagua bitana na vifungo. "Usiguse kitambaa cha zambarau," shangazi alisema mlangoni. Kuhusu kompyuta hakusema kitu.

Bofya alikaa mbele ya kioo na kwa mara ya kwanza akautazama vizuri ukurasa wa mwanzo wa ile mashine. Alikuwa ameuona kila siku, ukimkera kila siku, kama unavyokerwa na picha iliyotundikwa upande. Mafaili mia moja arobaini na mbili yalikuwa yametapakaa kioo kizima. Mengine yamebanana pembeni, mengine mawili mawili, mengine yamepanga mstari kisha mstari ukapinda bila sababu, na katikati peupe. Na yote, la haula, yote yaliitwa jina moja. Hati mpya. Hati mpya 2. Hati mpya 3. Mpaka mia moja arobaini na mbili.

"Maskini shangazi wangu," alisema kwa sauti, na huruma yake ilikuwa ya kweli kabisa. "Anapataje kitu humu?"

Hakuchukua hata dakika tano. Aliunda folda moja akaiita WATEJA, akakusanya mafaili yote, akayaingiza ndani, yakajipanga yenyewe kwa namba, safi, kama wanafunzi kwenye mstari. Kioo kikabaki kitupu. Akatafuta picha ya ua akaiweka. Kisha akaketi kungoja kusifiwa.

Waliporudi, shangazi alitua mzigo, akafuta jasho, akasema, "Hebu nifungulie tumwanze dada wa soprano," akainama kwenye kioo. Akakaa ameinama hivyo hivyo.

"Watu wangu wako wapi?"

"Nimekupangia, shangazi! Tazama, wote wako humu. Ukibofya hapa..."

"Watu wangu wako wapi, Bofya?"

Bofya alibofya folda. Orodha ikashuka, namba baada ya namba. Shangazi alinyoosha kidole kwenye kioo, kikatembea hewani kutafuta kitu, kikakikosa, kikarudi.

"Dada wa soprano alikuwa hapa," alisema taratibu. "Hapa juu. Nyumba ya tatu ukitoka kisimani. Jirani yake mwalimu wa hesabu. Halafu njia inakata hivi, unawakuta wale ndugu wawili wa sauti ya pili. Hapa katikati ni uwanja, hakai mtu."

Ndipo Bofya alipoelewa. Shangazi hakuwahi kuyapa mafaili majina, lile jambo la nne ambalo mumewe hakumfundisha, kwa sababu hakuwahi kuhitaji majina. Kila mteja alipopimwa, alilikokota faili lake kwa kipanya mpaka mahali anapokaa. Kile alichokiona Bofya kuwa fujo ulikuwa mtaa mzima, na njia zake, na kona zake, na uwanja wake. Ndani ya kila faili palikuwa na namba saba tu, bila hata neno moja. Na waliohama hawakuondolewa. Walikuwa wamekaa kwenye kioo kile milangoni mwao kama zamani.

"Sikujua, shangazi. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua," shangazi akasema. Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. Alivuta kiti cha cherehani akakalia, akakitazama kitambaa cha zambarau kilichokunjwa mezani, kumi na wawili wa mbali ndani yake, na mkasi hauna pa kuanzia.

Bi Vifungo alijaribu kupoza. "Si tuwapigie simu wajipime?"

"Mtu akijipima anajidanganya."

"Hilo kweli. Mimi nikijipima kiuno navuta pumzi mpaka naona nyota."

"Na tena niwapigie niseme nini?" shangazi aliendelea. "Kwamba nimewatunza miaka yote hiyo, halafu asubuhi moja nimewapoteza wote? Hapana. Afadhali niseme naumwa."

Mchana ule hakulala mtu. Bofya alijikaza kisabuni akajaribu yote aliyofundishwa. Alitaka kuyapanga mafaili kwa tarehe, labda yangefuatana jinsi wateja walivyokuja. Lakini betri ndogo ya saa ilikufa zamani, na kompyuta ile iliamini kwamba kila siku ni tarehe mosi Januari, mwaka uleule. Namba nazo hazikusaidia, maana kila shangazi alipokosea akafuta, namba iliyobaki wazi ilipewa mteja mwingine. Jioni alikuwa amejiinamia, mikono kichwani. Alisomea kompyuta kwa sababu kompyuta haisahau. Sasa ilikuwa haijasahau hata inchi moja, na bado hakuna aliyejua chochote.

Asubuhi ya pili alimkuta shangazi anakunywa chai amesimama, akitazama dirishani.

"Shangazi, zile namba saba. Zinafuatana vipi?"

"Bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, shingo, urefu. Kwa nini?"

"Naomba ukae. Nitakusomea moja tu."

Shangazi alikaa kwa shingo upande. Bofya akafungua faili la kwanza lililokuja. "Kumi na sita na nusu. Thelathini na nane. Thelathini na nane. Thelathini na nane..."

"Kifua sawa na kiuno, kiuno sawa na nyonga?" Shangazi aligeuka. "Gogo hilo! Mkono ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Mikono mirefu, anafikia ubao mzima bila kusogea. Huyo mwalimu wa hesabu!"

Wakatazamana. Bi Vifungo akaweka sindano chini.

"Soma mwingine," shangazi akasema.

Siku zile tatu zilizofuata ndizo Bofya anazozikumbuka kuliko zote. Walitandika mezani karatasi kubwa ya kukatia pateni, shangazi akauchora mtaa kwa chaki: kisima, kona, uwanja, njia inayopinda. Bofya alikaa kwenye kompyuta akisoma namba, na shangazi, macho ameyafumba, mikono yake ikipima hewa, akamsikiliza mtu akijengeka mbele yake kutoka mabegani kwenda chini.

"Kumi na nne, thelathini na mbili, ishirini na sita..."

"Ishirini na sita kiuno! Huyo ni binti wa duka la dawa kabla hajaolewa. Alikuwa anapita hapa wanaume wanajikwaa."

"Sasa amekuwa watu wawili," Bi Vifungo alisema. "Nilimwona mwaka jana."

"Muache na ishirini na sita yake. Si mwana kwaya, hatuhitaji kumharibia. Mrudishe kwao, nyumba yenye ngazi."

Na Bofya akalikokota faili, akalitua penye nyumba yenye ngazi.

Kila mtu alirudi na habari yake. Huyu bega moja liko chini kwa sababu alibeba ndoo upande mmoja maisha yake yote. Yule shingo nene, lakini kola hataki ibane, alikuwa akiogopa kusongwa tangu utotoni. Wale ndugu wawili wa sauti ya pili walitofautiana nusu inchi tu mkononi, na walikuwa hawajasemeshana miaka minne, lakini kwenye kwaya walisimama bega kwa bega kwa sababu mwalimu aliwaambia sauti hazina ugomvi. Bofya alikuwa akizijua nyumba zile kwa kupita tu, milango iliyopakwa rangi upya na watu wengine kabisa wakitoka. Sasa akipita kwenda dukani aliwaona wa zamani. Alijikuta siku moja anakwepa katikati ya njia, ampishe mtu ambaye alihama kabla yeye hajaanza shule.

"Shangazi," alisema mchana wa siku ya tatu, "niruhusu basi niwaandike majina. Yasitokee tena kama haya."

Shangazi alifikiri. "Nikiandika jina, nitasoma jina. Sasa hivi namwona mtu mlangoni kwake. Muache akae mlangoni."

Bofya hakubisha. Alichofanya ni kuiondoa ile picha ya ua, akachora kwenye kioo chenyewe njia, kisima na uwanja, kwa mistari myembamba ya kijivu, ili kila faili liwe na mahali pake hata mtu mwingine mwenye kiherehere akija. Kisha akanakili kila kitu kwenye diski, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka kwenye kopo la vifungo vya makoti.

Jioni hiyo waliwahesabu wana kwaya. Wa mbali kumi na mmoja wamepatikana. Amebaki mmoja: Ngurumo.

Ngurumo ndiye aliyekuwa sauti nzito ya kwaya, mwanamume wa miraba minne, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Na yalibaki mafaili mawili ya miili mikubwa, yaliyofanana mabega na vifua kama shilingi kwa ya pili. Moja lake. Jingine la mwoka mikate aliyekuwa akikaa nyumba ya nyuma yake, ambaye hakuna aliyejua alihamia wapi. Urefu walipishana inchi mbili, mkono inchi moja na nusu.

"Walikuwa wakiazimana makoti," shangazi alisema kwa uchungu. "Sikumbuki nani mrefu. Ngurumo nilikuwa namwona amesimama nyuma, juu ya benchi."

"Kata katikati," Bi Vifungo akashauri.

"Nikikata katikati, atavaa joho la mtu ambaye hayupo."

Cherehani ya pili ilikuwa tayari na majoho manane yaliyoshonwa nusu. Zilibaki siku nane, na kitambaa hakikuwa na ziada. Joho moja likikosewa hakuna jingine.

"Nipe namba yake ya simu," Bofya alisema.

"Bofya, nilishasema..."

"Simwambii kuwa wewe umempoteza. Namwambia mimi." Akanyoosha kiganja. "Mimi ndiye niliyempoteza, shangazi."

Shangazi akaichomoa simu kwenye mfuko wa aproni. Ikaita mara nne.

"Halooo!" Bi Vifungo aliisikia toka upande wa pili wa chumba.

"Shikamoo, mjomba. Mimi ni mtoto wa kaka yake fundi, yule anayewashonea majoho."

"Marahaba, mwanangu! Fundi hajambo?"

"Hajambo. Ila mimi, mjomba, nimekupoteza. Vipimo vyako vilikuwa kwenye kompyuta, shangazi alikuweka vizuri, nyumbani kwako kabisa, penye mlango wa kijani. Mimi nikaja nikapanga kompyuta bila kuuliza. Sasa hatujui kama wewe ni wewe au ni mwoka mikate."

Kisha kikaja kicheko, kikubwa, mpaka Bofya akaiondoa simu sikioni.

"Miaka kumi na moja nimehama, na bado niko mlango wa kijani? Huyu fundi! Basi ngoja nichukue kamba nijipime."

Shangazi alitikisa kichwa kwa nguvu, akipunga mikono.

"Shangazi anasema usijipime."

"Ananijua. Haya, lile joho langu la zamani je? Alilonishonea yeye. Ninalo kabatini. Halinifungi tena, lakini sijawahi kulitoa."

Shangazi alimnyang'anya simu. "Ngurumo! Ukitoa joho hilo kabatini, litandike mezani, usilivute. Pima mkono toka mshono wa bega mpaka pindo. Halafu urefu, toka chini ya kola. Joho lile halikunywa supu, litasema kweli."

Walingoja. Walisikia mlango wa kabati, kiti kikiburutwa, mtu akiguna. Kisha sauti ikarudi, mara hii ya chini. "Mkono ishirini na tano na nusu. Urefu hamsini na nane. Fundi, linanukia kama kule."

"Linanukiaje?"

"Pasi na chaki."

Shangazi aligeuka ukutani kidogo, akajifanya anatafuta mkasi uliokuwa mkononi mwake.

Bofya alikuwa ameshaligundua. Lile fupi la inchi mbili ndilo la Ngurumo. Alilikokota taratibu mpaka penye mlango wa kijani, akaliachia.

Jumamosi ilifika na jua lake. Toka saa nane mchana chumba cha mbele kilijaa watu hata Mheshimiwa akatolewa nje barazani, ambako alimtisha mbwa wa jirani. Walikumbatiana, walipigana makofi ya mgongoni, walitazamana walivyozeeka na kucheka. Mmoja mmoja aliingia nyuma ya pazia na kutoka amevaa zambarau, na shangazi, pini midomoni, akamzungusha, akavuta hapa, akalaza pale, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Bofya alisimama kando akihesabu kimoyomoyo. Dada wa soprano, sawa. Mwalimu wa hesabu, sawa, na mikono yote. Wale ndugu wawili walivaa wakiwa wamepeana mgongo, kisha mkubwa akaona kola ya mwenzake imejikunja, akanyoosha mkono akailaza bila kusema neno.

Mtu mmoja aliona kioo kinawaka pembeni. "Hii nini? Huu si mtaa wetu?"

Wakajazana. Vidole vikaanza kutembea kwenye kioo. Hapa kwetu. Hapa kwa binti wa duka la dawa. Hapana, kwao si hapa, ni baada ya kona. Baada ya kona gani, wewe ulikuwa mtoto! Ngurumo aliyafikisha mabega yake mbele, akauona mlango wake.

"Fundi, miaka kumi na moja. Mbona hujaniondoa?"

Shangazi akatoa pini mdomoni. "Hukuja kuaga."

Wakacheka wote, Ngurumo kuliko wote, lakini Bofya aliyekuwa karibu aliona alivyopangusa jicho kwa kiganja, haraka, kama anafukuza nzi.

"Haya, ingia uvae. Umebaki wewe."

Ngurumo aliingia nyuma ya pazia. Muda mrefu kidogo. Pazia likafunguka na yeye akatoka, zambarau toka shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, mikono imekoma pale pale inapotakiwa kukoma. Mabega yalikaa kama yamechorwa. Shangazi alimzunguka mara moja, mara ya pili. Akasimama mbele, akaminya kitambaa tumboni kwa vidole viwili.

"Vuta pumzi uimbe."

Ngurumo akaimba noti moja, ya chini kabisa. Kifungo cha tatu kikakaza.

"Nilisikia inchi mbili kwenye simu," shangazi alisema. "Zilikuwa tatu. Bi Vifungo, wembe."

Alikuwa ameacha kitambaa cha kutosha ndani ya mshono, kama afanyavyo fundi anayejua watu. Wakamfumua ubavuni akiwa amesimama hivyo hivyo, mikono juu kama aliyekamatwa, wakamshona tena ndani ya dakika chache. Akavuta pumzi, akaimba. Kifungo kikatulia.

"Bofya!" shangazi aliita bila kugeuka, tayari anawasukuma watu mlangoni, mwalimu asije akafika kabla yao. "Mfungue Ngurumo. Kiuno, arobaini na sita."

Bofya akakaa mbele ya kioo. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa kijani, akabofya mara mbili, akafuta arobaini na tatu akaandika arobaini na sita, akahifadhi. Kwa muda kishale kilisimama juu ya jina la faili, Hati mpya 63, kikipepesa. Nje, chini ya dirisha, mtu alitoa sauti ya kuanzia, wengine wakaipokea, na sauti moja nzito ikaingia chini yao wote na kutikisa kioo cha dirisha.

Aliliacha faili kama lilivyo, akatoka kwenda kusikiliza.